Oili ya giaboksi 75W-90 GL-4: gia ya pili imeacha kugoma

Jamani hii oili mi nimeikubali. Gari langu la zamani, gia za mkono, asubuhi likiwa la baridi gia ya pili ilikuwa haiingii mpaka uibembeleze, nikadhani ni klachi kumbe oili ndo imechoka. Nimeweka sinthetiki 75W-90 (hizo namba ni uzito wa oili) na nina kama wiki tatu sasa, gia inaingia laini hata kabla injini haijapata moto.

Ila angalieni sana hapo kwenye GL-4, yaani daraja la oili ya gia. Mara ya mwisho fundi mmoja aliniwekea GL-5 akisema ni ileile, sio ileile bana, hiyo GL-5 ina dawa nyingi za salfa na zinaweza kula zile ringi za shaba za sinkro (zinazosaidia gia kuingia laini) kwenye giaboksi za zamani, someni kitabu cha gari lenu kwanza.

Kubadilisha nimefanya mwenyewe. Fungua nati ya kujazia KWANZA kabla ya ile ya kumwagia, maana ukimwaga halafu ya juu ikagoma gari limekaa hapohapo halina oili. Iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka, na sumaku ya nati imejaa ungaunga wa chuma, nikashtuka lakini ungaunga ni kawaida, vipande ndo shida. Unajaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, basi.

Kasoro ni chupa yenyewe, mdomo mfupi haufiki popote, nimetumia sirinji kubwa na mpira, nusu imeishia kwenye mkono wa shati.