United News: filamu za bure za vita vya angani, ila sauti usiiamini

Filamu za habari za United News, zilizotengenezwa na serikali ya Marekani kati ya 1942 na 1946, zinatazamwa bure kwenye katalogi ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za nchi hiyo. Ukitafuta kwa jina la vita peke yake utapotea kwenye wingi wa matokeo. Andika 208-UN, alama ya mfululizo huo, halafu ongeza mji au mwaka. Toleo moja hubeba habari kadhaa, hivyo soma maelezo kwanza.

Utamu uko kwenye picha za kamera za mizinga ya ndege, yaani kamera zilizorekodi rubani alipofyatua. Kasha la kawaida la Wamarekani lilibeba futi 50 za filamu ya milimita 16, sawa na fremu (picha moja moja) 2,000. Kwa kasi ya fremu 64 kwa sekunde, filamu iliisha kwa nusu dakika. Ikioneshwa kwa kasi ya kawaida ya fremu 24, ndege huonekana ikiungua taratibu mno. Kwa hiyo usikadirie mwendo wa ndege hapo.

Sauti za milipuko na ngurumo? Ziliongezwa studio. Wahariri nao walichomeka vipande vya akiba, vilivyopigwa kwingine. Ukiona B-17, ndege za Marekani za kudondosha mabomu, zisizopakwa rangi katika habari ya shambulio la Schweinfurt, Ujerumani, la 14 Oktoba 1943, shuku: hizo zilianza kufika Ulaya mwanzoni mwa 1944.

Waliokuwa chini ya mabomu karibu hawaonekani. Ni propaganda, tena iliyohaririwa kwa ustadi. Mtafiti atafaidi zaidi picha ghafi za jeshi, hata kama hazina sauti.