Lenzi ya "40X" ya Mwanjelwa: 40 haifiki, lakini nunua

Niliinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye kibanda cha vifaa vya mafundi saa na mafundi simu. Kijana alianzia 20,000. Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu, akacheka, "Basi mama toa 12," tukamalizana. Ni ile ya chuma inayokunjwa, unaitia mfukoni, ina vitaa viwili vya betri za saa, na ubavuni imeandikwa 40X, yaani eti inakuza kitu mara 40.

Hiyo 40 ndiyo iliyoniudhi. Nilipofika nyumbani Tukuyu nilichukua rula, nikaweka lenzi jichoni, nikasogeza kipande cha gazeti mpaka herufi zikatulia. Zilitulia kwenye sentimita mbili na nusu. Chukua 25, zile sentimita ambazo jicho la kawaida husoma kwa karibu bila kuchoka, gawanya kwa hizo, kama tulivyokuwa tukiwafundisha watoto, unapata 10: lenzi inakuza mara 10. Lenzi ya mara 40 kweli ingetaka kitu kikae milimita sita hivi kutoka kwenye kioo, na kioo chenyewe kingekuwa kama punje ya dengu, si hiki cha upana wa sarafu.

Sikuirudisha, kwa sababu ya konokono.

Mvua zikikolea, majani makavu chini ya migomba yangu hujaa konokono wadogo kama punje za mchele. Jirani yangu alikuja na bakuli la chumvi, eti wote wanamalizia mchicha wake. Nikamwomba asubiri. "Mwalimu, konokono ni konokono," akasema. Mimi nikachukua chekecheo la unga, nikachekecha majani juu ya gazeti, nikaokota magamba matupu mawili kwa ncha ya kijiti cha meno niliyoilowesha mate.

La kwanza lilikuwa jeupe, urefu milimita nne, umbo la pipa. Ukilishika ncha juu, mdomo ukikutazama, mdomo unakaa kulia. Konokono wengi ndivyo walivyo. Ila humo mdomoni! Ukingo mnene umekunjwa nje kama pindo la kanzu, na ndani vimesimama vijino vyeupe, kimoja kirefu juu, vingine pembeni, mpaka tundu linabaki kama la funguo. Si meno ya kutafunia, ni sehemu ya gamba lenyewe. Huyo ni Gulella, wa familia ya Streptaxidae, na hao hula nyama, wakiwamo konokono wenzao. Mchicha wa jirani haumhusu.

La pili jembamba, refu kama skrubu, halina jino hata moja. Mwenzake aliye hai nilimkuta kwenye jani lililooza. Gamba lake linapitisha mwanga, na ndani mayai yamepangana kama shanga. Nikamwandika wa familia nyingine, Subulinidae. Haya yote nimeyaona kwa mara 10. Hiyo 40 ingekuwa mateso tu, mkono ukitetemeka kidogo konokono kashapotea.

Kasoro zipo. Vitaa havifai: gamba linang'aa, mwanga unarudi usoni, vijino havionekani. Vizime, kaa dirishani, acha jua liingie kwa ubavu, na uweke kitu cheusi chini. Pembeni mwa kioo picha inapinda. Skrubu ya bawaba ililegea wiki ya pili, nikaikaza kwa ncha ya kisu.

Kosa jingine ni langu. Kuna gamba nililihangaikia jioni nzima nikidhani nimepata aina ngeni, kumbe ni mtoto: mdomo mwembamba, ukingo haujakunjwa. Siku hizi nisipoona ukingo uliokomaa naliweka kando.

Wala usitegemee lenzi hii ikupe jina la spishi. Gulella wa Tanzania ni wengi mno. Kuwatenganisha kunataka urefu na upana kwa sehemu za milimita, hesabu ya mizunguko ya gamba, kila jino limekaa wapi, kisha kulinganisha na sampuli za makumbusho. Wakati mwingine mpaka mnyama apasuliwe. Daftarini kwangu nimeandika Gulella sp., yaani Gulella ambaye spishi yake sijaijua, nikafunga.

Ukienda kununua beba rula, umpimie muuzaji hapo hapo, bei itashuka. Yangu siwezi kukuazima. Jirani ameichukua tangu Jumapili, anasema anatafuta wenye meno.