Vaisi au sumaku, kipi kikushikie kazi (kipande unachochonga) kwenye mashine?

Vaisi, au jiliwa kama wazee wa karakana wanavyoiita, kile kibanio cha taya mbili, inakamata chochote: alumini, shaba, plastiki, hata stenlesi ya 304 ambayo sumaku wala haishtuki nayo, na kwenye milingi (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka) unakula chuma kwa kina bila roho kudunda. Ila jaribu kukaza bamba la milimita 3 uone, linabinuka katikati, unalisawazisha fresh kabisa halafu ukilegeza tu linarudi lilivyotaka lenyewe.

Hapo ndo sumaku, yaani meza ya mashine inayonasa chuma kwa usumaku, inapotamba. Unalaza bamba, unazungusha mpini wa kuiwasha, basi, uso mzima wa juu uko wazi hakuna taya za kukwepa, ndo maana mashine za kusaga bapa (zinazosawazisha uso kwa jiwe linalozunguka) karibu zote zinatumia hii. Lakini msidanganyike na ule mvuto, unavuta kwenda chini, kuteleza pembeni kunazuiwa na msuguano tu, kwahiyo weka kizuizi cha chuma upande jiwe linakosukumia. Mimi nilisahau siku moja, kipande kikaruka kikagonga ukuta, nikakaa chini kwanza. Na kama bamba limepinda tangu mwanzo sumaku italinyoosha kwa nguvu, ukiachia linapinda upya, so jaza ule mwanya na vipande vyembamba kabla hujawasha.

Kuhusu sumaku ya umeme, mi hapana, umeme ukikatika inaachia. Bora ya mpini, japo chenga zinang'ang'ania kila mahali na kazi inabaki na usumaku lazima uutoe.