Kipimo cha kuchora neva (mishipa ya fahamu) kabla ya oparesheni ya uvimbe kichwani, nawapa nyota nne

Sisi wa Uyole hapa Mbeya, mgonjwa ni dada angu, alianza sikio la kushoto kuvuma, akipokelea simu upande ule hasikii kitu. Mara nta, mara karogwa, mwaka ukaisha kwenye dawa za matone mpaka dokta mmoja wa masikio akasema apigwe MRI, ile picha ya ndani ya kichwa ya mashine ya sumaku. Tulipopiga mara ya kwanza hawakumchoma ile dawa ya kung'arisha picha, na sidii ya picha waliyotupa tulivyofika nayo Dar ikagoma kufunguka, tukalipa upya, iliniuma sana.

Ila huko Dar aisee. Dokta wa upasuaji alituita mimi na shemeji akageuza kompyuta upande wetu. Uvimbe umeota kwenye neva ya 8, ya kusikia na kuweka mwili sawa usiyumbe, sio kansa, shida neva ya 7 inapita humo humo kwenye tundu moja la mfupa na ndo inayoendesha uso, kufumba jicho, kucheka, kunywa chai isimwagike. Ikikatika uso unapinda. Na uvimbe ukikua unaisukuma na kuitandaza inakua nyembamba kama karatasi, kwenye picha ya kawaida unauona uvimbe vizuri tu ila neva huioni.

Ndo wakampiga MRI ya aina ingine wanaiita DTI. Inafuatilia maji yaliyomo kwenye neva, maji yanatembea kirahisi kufuata urefu wa neva kuliko kuikatisha, basi kompyuta inaunga unga hizo njia inachora uzi. Tukauona, uzi wa rangi umezunguka mbele ya uvimbe! Shemeji alitoa machozi pale pale.

Nlichompendea yule dokta hakutudanganya. Alisema uzi wa kompyuta unaweza kukosea, halafu wakishafungua fuvu na maji ya ubongo yakatoka vitu vinasogea, kwahiyo picha inamwambia tu aanze wapi kwa tahadhari. Wakati wa oparesheni waliweka vijiwaya kwenye misuli ya uso, neva ikiguswa mashine inalia. Kipande kidogo kilichoganda kwenye neva wakakiacha makusudi, kitafuatiliwa kwa MRI.

Uso ulilegea wiki kama sita, usiku tunambandika plasta jichoni lisikauke. Sasaivi anafumba mwenyewe na kwaya amerudi. Sikio lile halisikii tena, hilo tuliambiwa mapema.

Nyota moja nimeitoa kwasababu bei ya DTI tuliambiwa tumeshafika mlangoni, mtu umetoka Mbeya na hela ya kuhesabu.

Mnaotoka Tukuyu, Kyela, Chunya, muulizeni dokta kabla ya kusaini, neva ya 7 imepita wapi na mtaijuaje mkiwa ndani. Na sidii ijaribuni kabisa kabla hamjapanda basi.