Nilivyofika Kongwa ndani ya guta: uzoefu wangu na fundi wa pikipiki za zamani

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kabureta tu, nitaieleza huko mbele.

Gereji siitaji jina. Iko Dodoma mjini, na kwa aliyewahi kumiliki pikipiki kuukuu hapa hahitaji kuelekezwa, maana hatuna nyingi za kuchagua. Fundi mwenyewe ana sifa zake. Kila niliyemuuliza alinijibu lile lile: "Kama ni tu-stroku, mpelekee yule." Nikampelekea.

Pikipiki ni Yamaha AG ya marehemu baba. Ukubwa wa injini na mbio zake kaulizeni simu zenu. Ninachojua mimi ni kwamba baba alikuwa bwana mifugo wilaya ya Mpwapwa, akaizungusha vijijini miaka na miaka, na siku serikali ilipoipiga mnada akainunua yeye mwenyewe. Alisema hawezi kuvumilia kumwona mtu mwingine ameikalia. Ina stendi mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo ardhi ikiinama huku unaiegesha kule. Mnyororo umefunikwa wote na bati, vumbi haliuoni. Mjapani aliyeichora ile pikipiki hakumjua baba, lakini ni kama alikuwa amekaa naye kijiweni.

Basi, sisi wapenzi wa vyuma vya zamani wa huku kanda ya kati tuna mtindo wa kukutana. Hatuna chama wala katiba. Mtu anasema "Jumamosi kwangu", tunakwenda, tunasifiana mabati na kula nyama. Safari hii mwenyeji alikuwa wa Kongwa. Mwenye akili zake kutoka Dodoma hufuata lami, Chamwino, Mbande, kisha anakata kwenda Kongwa. Mimi nikasema hapana, nitapita njia ya vumbi aliyokuwa akiisimulia baba: Kikombo, Igandu, kufuata reli mpaka Msagali, halafu kupanda Kongwa. Ndiyo maana nikaipeleka sevisi kwanza. Msije mkasema niliondoka kizembe.

Ikakaa kwa fundi kama wiki mbili. Laki moja na ishirini. Ijumaa jioni nikamtuma mpwa wangu akaichukue kwa sababu mimi nilikuwa msibani.

Jumamosi alfajiri nikapiga kiki. Moja tu! Mimi nimezoea saba, nane, jasho, matusi ya chinichini, ndipo inakohoa. Leo kiki moja, imewaka, na imetulia mlio mmoja kama cherehani. Na moshi hakuna. Naomba mlikumbuke hili la moshi. Pikipiki ya baba tangu niijue inatoa moshi ambao jirani yangu huanua nguo zake akisikia natoa ufunguo. Siku hiyo alisimama na ndoo yake mkononi akatazama, akasema, "Baba, leo umeitengeneza kweli." Nikajibu kwa kichwa tu, kama mtu mkubwa.

Sheli nikajaza tanki mpaka juu. Nikatoka na upepo wa Dodoma mgongoni.

Jamani, ile asubuhi. Nikikasirika humu ndani msidhani sikufurahi. Baada ya Kikombo njia inakuwa nyembamba, mibuyu imesimama peke yake peke yake, watoto wa shule wanakimbilia barabarani wakipiga kelele, mzee mmoja na mbuzi wake akaniinulia fimbo, "Mbukwenyi!", nikamwitikia kwa Kigogo changu kibovu. Kwenye makorongo mchanga ni wa kuzama, unashusha miguu yote miwili unasukuma kama unaogelea. AG ikapita yote. Nilisimama chini ya mti kunywa maji, nikafungua kifuniko cha tanki dogo la oili kuangalia. Oili ipo pale pale nilipoiacha. Haijashuka hata unywele. Nikacheka peke yangu porini: haitoi moshi, na wala haili oili! Huyu fundi apewe nishani. Nilikuwa tayari kumwandikia nyota tano, na maneno nilishayapanga kichwani.

Haikufika Igandu.

Kwanza nguvu zilipungua, nikadhani ni upepo umegeuka. Kisha mlio, kama kokoto ndani ya kopo. Halafu tairi la nyuma likagoma kuzunguka, ghafla, likachora mstari mrefu kwenye vumbi. Nilibana klachi kwa kubahatisha tu, ndiyo iliyoniokoa nisile mchanga. Injini imenoki. Nikapiga kiki, mguu unasimama juu, hauendi popote.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Reli iko pale, ile ya zamani, na ya kisasa. Watu wa rika langu wakisikia Igandu wanakumbuka treni ya mwaka 2002, iliyorudi nyuma yenyewe mlimani ikaua watu zaidi ya mia mbili, na ukiwa umekaa porini peke yako na chuma kilichokufa, mawazo hayo hayachelewi. Mara treni ya umeme ikapita, fyuu, watu wameegemea vioo wanasinzia na baridi ya kiyoyozi. Mmoja alinipungia mkono. Sikumjibu.

Ilipopoa kiki ikashuka. Ikawaka! Nikasema Mungu mkubwa. Kilomita mbili, ikakamata tena, na safari hii harufu ilikuwa ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Kijana wa guta akanikuta. Mwanzoni alisema elfu hamsini mpaka Kongwa, akapunguza elfu tano, akasema ni kwa ajili ya mvi zangu. Tukaipandisha, tukaifunga kamba za katani, nami nikakaa ubavuni nimeishika usukani kama mgonjwa. Saa kadhaa. Mkitaka kujua aibu ni nini, ingia kwenye mkutano wa pikipiki za zamani huku ya kwako imelala chali ndani ya guta la Kichina lenye maandishi "Usinichukie". Pale uwanjani kulikuwa na Honda XL, Vespa mbili, DT moja ya kung'aa, hata BSA isiyo na injini ambayo mwenyewe huibeba kwenye kenta kila tukikutana. Wote waliosimama walikaa chini kwa kicheko. Mwenyeji akanifariji kwa namna ya kwao: "Usijali kaka, hapa Kongwa mwaka 1947 Waingereza walileta mpaka matrekta yaliyotengenezwa kutoka vifaru vya vita, waje kulima karanga. Ilipofika 1951 wakaacha kila kitu wakaondoka. Wewe una kimoja tu."

Mstaafu mmoja wa karakana ya reli akaomba bisibisi. Hakuuliza swali hata moja. Alifungua kifuniko cha ubavuni, akaingiza vidole, akavuta mpira mwembamba unaotoka tanki la oili. Mwisho wa ule mpira kulikuwa na boliti. Boliti ya spana namba kumi, imechomekwa ndani na kukazwa kwa waya wa kufungia nondo. Akaendelea. Mahali pa pampu ya oili hapakuwa na pampu. Palikuwa na kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, kimepakwa silikoni, na nusu ya ua la alizeti bado inaonekana.

"Mwanangu," akaniambia, "umeiendesha kavu."

Kwa wasiojua: Honda ya bodaboda ina oili yake chini, inajizungushia yenyewe. Hizi zetu za tu-stroku sivyo. Oili inaingia pamoja na petroli, inapaka pistoni na krenki, kisha inaungua inatoka na ule moshi. Kazi ya kuiingiza ni ya pampu. Ukiitoa pampu lazima uchanganye oili kwa mkono ndani ya tanki la petroli. Kwa hiyo ule moshi nilioshangilia kwamba haupo, na ile oili niliyoshangilia kwamba haishuki... Basi. Kilichonifikisha kote kule ni vile vichanganyo vya fundi vilivyobaki chini ya tanki.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua. Akaja, akaketi juu ya tairi, akaanza kupiga mswaki wa mti. Nikamwekea ile boliti mbele ya miguu. Akaitazama.

"Mzee, we tu-stroku unaitia petroli tupu?"

Salamu hakuna. Pole hakuna. Hakuinuka. Hakutoa mswaki mdomoni. Nina miaka hamsini na minane, kijana yule ni wa kumzaa, na wateja wengine wawili walikuwa wanasikiliza. Nikamuuliza ni nani aliyemruhusu kutoa pampu ya baba yangu. Akasema, "Hizo pampu zimechoka, zikifa njiani zinaua injini kimyakimya. Mimi nimekusaidia. Na nilimwambia kijana wako." Kisha akageukia mteja mwingine. Nyota sifuri, ndugu zangu. Hapo ndipo ilipokuwa sifuri.

Nikarudi nyumbani nikamwita mpwa. "Mjomba, mbona nilikutumia?" Nikafungua simu. Kweli. Ijumaa, jioni, ujumbe wa sauti, sekunde kumi na nane. Mimi ujumbe wa sauti sifungui, kila mtu nyumbani anajua, ukiwa na neno andika au piga. Nikaufungua mbele yake. Sauti ya fundi mwenyewe, mpwa amemshikia simu: "Shikamoo mzee. Pampu nimeitoa, haifai, usiitegemee. Kila ukijaza petroli changanya na oili, usisahau mzee wangu." Na shikamoo juu!

Sasa nifanyeje? Nilikaa kimya. Nilimpigia yule mstaafu wa Kongwa nikitegemea ataniunga mkono, naye akasema hata yeye zake amezitoa pampu zote, kuchanganya kwa mkono ni salama zaidi. Nikapandisha nyota mbili. Halafu nikakumbuka kile kiti cha tairi na ule mswaki, nikashusha moja. Maana hata kama ulisema, bwana fundi, kipande cha karatasi kwenye kifuniko cha tanki kingekugharimu nini? Ungeandika kwa chaki. Unamwachia mtu tanki la oili limejaa, kifuniko kinang'aa, mpira umezibwa kwa ndani, kama mtego wa panya! Na pampu ni mali yangu. Niliifuata siku ya pili, nikaikuta kwenye kopo la Blue Band pamoja na nati na ringi kuukuu, imeshaanza kuota vumbi. Nikaichukua bila kuaga.

Na kabureta? Kabureta niseme ukweli. Ile kiki moja haikuwa ndoto. Pale Kongwa, yule mzee alipomwaga petroli na kuchanganya oili kwa vifuniko, ile pikipiki iliyonoki mara mbili, iliyokwaruzika ndani, iliwaka kwa kiki ya pili na ikatulia mlio ule ule wa cherehani. Watu waliacha kucheka. Sijawahi kuisikia hivyo, hata enzi za baba. Aliyeipanga ile kabureta ana mikono, siwezi kumnyima, ingawa natamani.

Tatizo ni kwamba sasa bloku inataka kuchongwa na kuwekwa pistoni ovasaizi. Nimezunguka mji mzima. Wa kwanza akaniambia niuze chuma chakavu. Wa pili akaniuliza AG ni kampuni ya wapi. Wa tatu akasema, "Kama ni tu-stroku, mpelekee yule."

Iko kwake tangu juzi. Niliipeleka mwenyewe, sikumtuma mtu. Alinisalimia kwanza safari hii, sijui aliambiwa na nani. Nyota ziacheni hiyo hiyo moja kwa sasa.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe wa sauti. Dakika mbili na sekunde kumi. Naogopa kuufungua.