Kitabu cha kemia isokaboni: kizuri, ila si cha kuanzia

Muhula mzima nimefundishia kitabu hiki wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sura ya metali za mpito (kama titani, chuma na kobalti) ndiyo roho yake. Inaanza na ioni ya titani yenye elektroni moja tu ya d (kundi la nafasi za elektroni katika atomu), imezungukwa na molekuli 6 za maji. Elektroni hiyo hufyonza mwanga wa karibu nanomita 500 na kuruka ngazi ya juu, ndiyo maana mmumunyo huwa zambarau. Mwanafunzi wangu mmoja aliukodolea macho mchoro ule, kisha akanieleza mwenyewe kwa nini ioni za zinki hazina rangi. Nilifurahi mno!

Sura ya simetria, yaani namna molekuli inavyoonekana ileile ikizungushwa, hapana. Inamwaga majedwali kabla msomaji hajajaribu hata kuizungusha molekuli ya amonia nyuzi 120. Na majibu ya mazoezi hayana hatua: ioni ya kobalti yenye chaji ya +3 iliyozungukwa na floridi 6, elektroni 4 zisizo na jozi, basi. Mbona ikizungukwa na amonia 6 hazibaki hata moja zisizo na jozi? Anayejisomea peke yake hukwama hapohapo.

Wa mwaka wa pili akinunue. Wa kwanza akiazime maktaba, kwa sura ile ya metali.