Sintesaiza ya Bei Nafuu kwa Studio ya Nyumbani: Kwa Nini Nimebaki na Korg Monologue

Sikilizeni hii kwanza, kabla sijasema lolote.

Mmeisikia? Hiyo ni nota moja tu, do ya chini. Mkono wa kushoto umeibana, mkono wa kulia umezungusha nobu moja polepole, basi. Kompyuta imezimwa. Sauti iliyoanza kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi imefunguka mpaka ikawaka. Ndani ya mashine kuna wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, lina ukali wote ndani yake, na filta inaamua ukali kiasi gani upite. Ukiielewa nobu hii moja, umeelewa nusu ya sintesaiza, mashine hii inayounda sauti kwa umeme.

Karibuni sana. Kwa miezi kadhaa mmekuwa mkiniuliza swali moja: kijana ana laptopu, ana saundikadi ndogo, kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, ana maiki, anatengeneza biti chumbani kwake, sasa anataka sintesaiza ya kushika mkononi na mfuko wake ni wa kawaida. Anunue ipi? Mezani ninazo tatu. Hii nyeusi ndogo ni Korg Volca Keys, iliyotoka 2013. Hii yenye kibodi bapa ni Arturia MicroFreak ya 2019. Na hii ni Korg Monologue, iliyotangazwa mwishoni mwa 2016. Zote nimezinunua kwa pesa yangu, moja mpya na mbili zilizotumika, na hakuna aliyenilipa nizisifie.

Kabla hatujaingia ndani, nataka tuambiane ukweli. Kama unachotafuta ni wingi wa sauti, usinunue chochote. Vital na Surge XT, sintesaiza za programu ya kompyuta, zipo, zinapatikana bure, na zina sauti nyingi kuliko hizi tatu zikiunganishwa. Sintesaiza ya mkononi inakupa kitu kingine: kila kazi ina nobu yake, na mkono unaizoea kama unavyozoea swichi ya taa ya chumbani kwako, unaipata hata gizani. Kwa hiyo mimi nazipima mashine hizi kwa swali moja. Je, nikifumba macho, mkono wangu unaifikia sauti ninayoitaka?

Tuanze na Volca Keys, ndiyo ya bei ya chini. Mpya ilitoka ikiwa chini ya dola 200, na zilizotumika zipo nyingi. Ni analogi kweli, yaani sauti inazaliwa kwa umeme wenyewe bila hesabu za kompyuta, inatoa nota tatu kwa pamoja, ina mwangwi wake ndani, ina spika yake ndogo, inakula betri sita za AA. Unaweza kukaa nayo barazani jioni ukapiga bila waya hata mmoja. Kwa mtu anayeanza kabisa, raha yake ni kubwa.

Sasa angalieni hapa kwa karibu. Vitufe vya kibodi havipo, kuna utepe wa kugusa tu. Ukigusa kwa nguvu au kwa upole, kwake ni sawa. Halafu, na hili wauzaji wengi hawalisemi, haihifadhi sauti. Inahifadhi mizunguko minane ya nota, lakini ile sauti uliyoitafuta saa nzima kwa nobu, ukiivuruga imekwenda. Mimi nilikuwa naipiga picha kwa simu kila nilipopata sauti nzuri, ili kesho nirudishe nobu zilipokuwa. Bado ninazo picha hizo, zaidi ya mia.

Na kuna jambo la waya. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana linaweza kukuokolea siku nzima. Tundu la kutolea sauti kwenye Volca ni moja tu, lile dogo la hedifoni, la stereo. Siku ya kwanza nilichukua waya wa jeki ndogo ya stereo upande mmoja na jeki kubwa ya stereo upande wa pili, nikachomeka kwenye saundikadi. Kimya. Kwa mbali nasikia kama sauti ya mbu. Nikavaa hedifoni moja kwa moja kwenye Volca, inalia vizuri. Nikarudisha waya, kimya. Nilikuwa karibu kuirudisha kwa aliyeniuzia.

Kumbe mashine ilikuwa nzima. Tundu la saundikadi ni la aina inayopokea mawimbi mawili na kutoa moja kwenye jingine, ili kuua makelele ya njiani. Volca inatuma wimbi lilelile kushoto na kulia. Ukitoa kitu kwenye kitu kilicho sawa nacho, unabaki na sifuri. Dawa yake ni waya wenye jeki ndogo ya stereo upande mmoja na jeki kubwa mbili za mono upande wa pili, kila moja kwenye tundu lake. Ni waya wa bei ndogo tu. Nunua siku hiyohiyo unaponunua Volca.

MicroFreak. Hii ni mashine ya watu wadadisi, na naiheshimu sana. Sauti inazaliwa kidijitali, kisha inapitia filta ya analogi. Injini za sauti, yaani njia zake za kuunda sauti, ni zaidi ya 20 sasa, kwa sababu Arturia wameendelea kuongeza kila walipotoa programu mpya ya ndani, bila kumtoza mwenye mashine. Mwaka 2023 waliweka hata uwezo wa kupiga sampuli, yaani vipande vya sauti zilizorekodiwa. Yaani mtu aliyeinunua 2019 leo ana mashine kubwa kuliko ile aliyoinunua.

Inatoa mpaka nota nne kwa pamoja, lakini elewa inavyofanya: nota zote nne zinapita kwenye filta moja. Ukibana kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, halafu ukaongeza nota ya nne, filta haijui kuwa huyu ni mgeni aliyechelewa, inawachukua wote kwa pamoja. Kwa kodi nzito za polepole hutasikia tatizo. Kwa kinanda cha kwaya, utalisikia.

Shida yangu na MicroFreak ni kibodi. Hii ni sahani bapa yenye michoro ya rangi ya dhahabu, inahisi ngozi ya kidole, na kadiri kidole kinavyotandazika ndivyo sauti inavyobadilika. Ni kitu kizuri mno usiku wa Julai. Njooni Februari, hapa Dar, feni inasukuma hewa ya moto, vidole vimelowa. Nota zinajirudia, nyingine zinakwama. Nimeweka taulo dogo pembeni yake na nafuta vidole kama mpiga udi anayefuta nyuzi. Anayeishi Arusha au Nairobi huenda asikutane na hili kabisa. Wa Mombasa, Tanga na Unguja, nimewaambia.

Jingine ni umeme wake. Ina adapta, na pia inakubali kuwashwa kwa waya wa USB. Ukiiwasha kwa USB ya laptopu huku sauti yake ikiingia kwenye saundikadi iliyochomekwa laptopu hiyohiyo, unaweza kusikia mlio mwembamba, zzziii, unaobadilika ukisogeza mausi. Umeme unazunguka. Ihamishie kwenye pawabenki na mlio unakwisha. Na pawabenki ina faida ya pili ambayo sina haja ya kuieleza kwa mtu aliyewahi kukatikiwa umeme katikati ya kurekodi.

Na hapohapo, jambo la USB linawachanganya wengi. Monologue na MicroFreak zina tundu la USB, Volca Keys haina. Lakini hata hizo mbili, USB haipitishi sauti. Inapitisha maelekezo: nota gani imebanwa, lini imeachiwa. Sauti lazima itoke kwa waya wake uende kwenye saundikadi. Nimepokea ujumbe wa watu wanaosema sintesaiza haisikiki kwenye laptopu, na karibu wote tatizo lilikuwa hilo.

Adapta sasa. Hapa natahadharisha kwa uchungu, maana niliwahi kuunguza. Vifaa vingi vilivyotumika vinavyofika kwetu vimetoka Japani, ambako umeme wa ukutani ni volti 100. Kwetu ni 230. Geuza adapta, soma maandishi madogo. Ukiona 100 mpaka 240, salama. Ukiona 100 peke yake, usiichomeke ukutani. Mimi niliambiwa "iko sawa, bosi, chomeka tu", nikachomeka, nikanusa plastiki inayoungua kabla hata taa haijawaka. Bahati nzuri ilikufa adapta, kinanda kikapona.

Na volti zikiwa sawa bado hujamaliza. Volca na Monologue zinataka volti 9 yenye chanya katikati ya pini. Adapta nyingi za volti 9 za pedali za gitaa zina hasi katikati. Jeki zinaingiana vizuri kabisa, ndipo hatari ilipo. Kwenye adapta kuna mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa, uangalie kabla ya kuchomeka.

Sasa Monologue, na hapa nitakaa.

Inatoa nota moja tu kwa wakati. Najua wengi wakisikia hivyo wanaondoka. "Nota moja nitafanyia nini?" Ndugu yangu, hesabu nyimbo unazozipenda. Besi ni nota moja. Ile sauti nyembamba inayolia juu ya singeli ni nota moja moja zinazokimbizana. Mwimbaji mwenyewe anatoa nota moja. Kodi unazo kwenye laptopu. Unachokosa ni besi yenye mwili na sauti ya mbele yenye tabia, na hapo ndipo Monologue ilipo na nguvu.

Angalieni uso wake. Osileta mbili, vyanzo vya wimbi la sauti, hapa kushoto. Filta katikati, nobu yake ndiyo kubwa kuliko zote, hukosei. Hakuna kurasa za kuzamia ili ubadilishe kitu cha kawaida. Kioo hiki kidogo kinachora umbo la wimbi unalolisikia, sasa hivi, linavyotikisika. Nikichanganya osileta mbili nikatenganisha kidogo tu tyuni zake, mnaona mchoro unavyopumua? Huko kupumua ndiko masikio yenu yanakosikia kama unene. Kwangu kioo hiki kimekuwa mwalimu kuliko video yoyote niliyotazama.

Vitufe vya kibodi ni 25, oktava mbili, vyembamba kuliko vya kinanda cha kanisani, lakini ni vitufe, vinabanwa. Inahifadhi sauti 100. Inakwenda kwa betri sita za AA au adapta. Sikwensa, sehemu inayokumbuka nota na kuzirudia yenyewe, ni ya hatua 16, na inarekodi hata mkono wako unavyozungusha nobu. Kisha kuna kitufe cha KEY TRIG: unapanga mstari wa besi mara moja, halafu kidole kimoja kinauhamisha wote juu na chini. Shikilia do, mstari unapiga kutoka do. Hamia fa, mstari wote unahamia fa. Biti mbili nilizowawekea mwezi uliopita, besi zake zote zilizaliwa hivyo.

Kasoro inazo. Haina mwangwi wala ile sauti ya kuvuma kama ukumbini, sauti inatoka kavu, utaiwekea kwenye laptopu. Na kwa kuwa osileta zake ni analogi, joto linaigusa tyuni. Ninaiwasha dakika kumi kabla ya kurekodi, naiacha ijitulize.

Mnapopiga hesabu, Monologue na MicroFreak zote zilikuwa karibu na dola 300 zikiwa mpya. Ukiagiza nje, hiyo siyo bei ya kufika mlangoni. Kuna nauli, kuna ushuru, na VAT ya Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18. Ndiyo maana mimi hutazama iliyotumika ikiwa tayari iko nchini. Ukienda kuikagua, nenda na hedifoni zako. Bana kila kitufe. Zungusha kila nobu huku nota ikilia, ukisikia inakwaruza, hapo kuna vumbi au imechakaa, shusha bei. Fungua kifuniko cha betri chini, tazama kama kuna unga wa kijani kwenye vyuma. Ukiwepo, niamini, iache.

Nimebakisha kitu kimoja, na ndicho kilichonifanya nisiiuze Monologue hata nilipobanwa. Mimi nimekulia kwenye taarab. Bibi yangu alikuwa na redio, na Ikhwani Safaa ya Zanzibar, kikundi kilichoanzishwa 1905, ilikuwa sauti ya nyumba ile. Kwenye kanuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarab, kuna vyuma vidogo ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza ili kuipata ile nota inayokaa kati ya nota mbili. Kinanda cha kawaida hakina nota hiyo. Inaangukia kwenye ufa kati ya kitufe cheupe na cheusi, ndiyo maana rasti, mojawapo ya ngazi za nota za muziki wa Kiarabu, ikipigwa kwenye kinanda cha harusi inasikika kama imevaa nguo ya mtu mwingine.

Monologue inakuruhusu kutengeneza ngazi yako mwenyewe ya nota. Kwa programu ya bure ya Korg kwenye kompyuta, nimeishusha mi kwa senti 50 na ti kwa senti 50, yaani robo toni kila moja, nyingine nimeziacha zilivyo. Nikaihifadhi ndani ya mashine.

Vaeni hedifoni kama mnazo. Ninapiga kifungu kimoja mara mbili, sauti ileile, filta imefungwa nusu. Ya kwanza ni kwa ngazi ya kawaida. Ya pili ni kwa ile niliyoishusha. Sikilizeni nota ya tatu.